Beringi

Mwezi wa saba, Al-Khoudh. Nje nyuzi arobaini na nane,
lami inanata kwenye viatu.
Ndani ya chupa ya chuma, nyuzi nne tu
juu ya ile baridi ambayo chini yake hakuna baridi tena.
Humo nimelaza fuwele, ndogo kuliko punje ya mtama,
nikaitia nyaya nne nyembamba kama nywele za mtoto mchanga,
nikangoja elektroni zishikane mbili mbili
zipite bila kumgonga mtu, bila kulipa ushuru.

Zikishikana, ukinzani huanguka. Ndivyo inavyopasa.
Kwenye kioo changu hapaanguki kitu.
Pana majani tu, majani yaliyovurugwa na mbuzi:
ngurumo ya kiyoyozi imepanda ukutani,
imeingia kwenye waya,
imeikalia sauti ninayoitafuta
kama mtu aliyekalia miwani yake.

Nikaandika kichujio kinachojifunza.
Kisikilize kelele peke yake, pembeni,
kikisie umbo lake, kiitoe,
kitazame kilichobaki, kione kimekosea kiasi gani,
kijirekebishe. Tena. Tena. Mara elfu nane kwa sekunde.
Ukweli hakiujui; kinajua kosa lake tu,
na kwa kosa hilo hutembea.
Ukikipa hatua kubwa, kinalewa, kinaruka, hakirudi.
Ukikipa ndogo, kutakucha bado kinafunga kamba za viatu.
Usiku kumi na mmoja nilibadilisha hatua.
Usiku kumi na mmoja, majani yaleyale.

Wa kumi na mbili baba akaja na bakuli
la mchuzi wa papa, limefungwa kwa kilemba cha zamani.
Mbaruku bin Khasib, fundi wa viyoyozi,
miaka thelathini na moja kifudifudi juu ya mapaa ya Ruwi,
kompresa zikimla masikio, upande huu, kisha upande ule.
Kile kifaa cha sikio nilichomnunulia kwa mshahara wa kwanza
kimo mfukoni, pamoja na funguo.
«Kinaniletea mashine zote za Maskati,» husema,
«wewe hakikuleti.»
Na mimi, bingwa wa kuondoa kelele,
sijui niandike nini kwa ajili ya sikio hilo.
Kelele yake iko ndani. Haina waya wa pembeni.

Hakuuliza ninafanya nini. Aliweka bakuli juu ya daftari,
akavua saa, akabandika kiganja kwenye bomba la hewa,
akafumba macho kama anayepima homa ya mtoto.
«Umeme huu?» nilimwandikia kwenye karatasi. «Mizunguko hamsini?»
Kitabu kinasema hivyo. Kichujio nimekifundisha hivyo.
Akatikisa kichwa.
«Beringi. Ya nyuma. Imelika upande mmoja.»
Akauchukua mkono wangu, akaulaza chini ya wake,
na pale, kwenye bati, nikaisikia kwa ngozi:
pigo kavu, linachelewa kidogo, linajirudi,
halifuati umeme, halifuati kitabu,
lina mwendo wake, kama mguu wa mtu anayechechemea.

Nilibandika kihisio palepale, kwa gundi ya karatasi,
kwenye alama ya jasho la kiganja chake.
Waya mpya. Njia ya pili. Nikakiambia kichujio: sikiliza hapa.

Kilikosea. Kikakosea kidogo. Kikakosea kidogo zaidi.
Majani yakalala.
Nikapasha fuwele, nikaishusha tena taratibu,
na kwenye nyuzi saba na ushei
mstari ulikuwa unakuja, unakuja,
halafu haukuwepo.

Nilipiga kelele, mimi. Nilisahau.
«Imeanguka! Baba, imeanguka!»

Safari hii alinisoma midomoni, neno zima.
Akainama. Akapiga magoti katikati ya nyaya,
akapapasa chini ya meza, nyuma ya mtungi wa heliamu,
akainuka na skrubu moja yenye vumbi,
akaifuta kwa kanzu, akanipa.

«Hii?»